Tulikuja Kufanya Staji, Si Kutafsiri

Barua za chuo zimeanza kutoka na kila mtu anamuuliza mwenzake: "Wewe umepata wapi?" Basi wiki hii tunaongea juu ya staji. Tunajua pia wakubwa zetu wa mashirika mnatusoma, hata kama mnapita kimya kimya, kwa hiyo kuna maneno humu ni yenu kabisa. Vumilieni kidogo, ni marefu.

Tuanze na jina ili tusipotezane. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tunasema staji. Waliopitia Kenya wanasema atachimenti, waliosoma Tanzania wanasema fildi, na hapa Uganda ni intanshipu. Kwenye vitabu utakuta mafunzo kwa vitendo au mafunzo tarajali, majina mazuri, ila hatujawahi kuyasikia kwenye foleni ya maji. Kitu ni kilekile. Chuo kinakutoa darasani wiki nane au kumi, mara nyingi kati ya Juni na Agosti. Unaenda kukaa mahali pa kazi, kila jioni unaandika kwenye daftari ulichofanya, msimamizi anasaini na kupiga kashe, mwalimu wa chuo anakuja kukuangalia, mwisho unaandika ripoti na kupewa maksi. Usipofanya, joho huvai. Hii si kazi ya kujitolea kwa mapenzi yako, ni sehemu ya digrii kama mtihani ulivyo.

Sasa tuseme tunachofikiri. Staji nyingi tunazopata hapa Nakivale hazitufundishi kazi tunayosomea, kwa sababu ikifika siku ya pili au ya tatu tunageuzwa wakalimani. Hilo halitokei kwa bahati mbaya. Linatokea kwa sababu ya namna ofisi zinavyotupokea, na linaweza kubadilishwa kabla Juni haijafika.

Tuchukue mwenzetu mmoja anayesoma uhasibu, mwaka wa tatu. Shirika lenyewe hatulitaji, na kwa kweli hadithi hii tumeisikia kwa watu zaidi ya mmoja. Alipokelewa vizuri, akapewa kiti karibu na mhasibu, akaonyeshwa vocha za malipo zinavyopangwa. Asubuhi ya pili mlango ukafunguliwa: "Kuya utusaidie, iko mama moja hapa haelewi." Akaenda. Nusu saa ikawa saa tatu. Alipotoka kulikuwa na mzee anasubiri, anaongea Kibembe tu. Kesho yake walimwita tena. Wiki ya tatu kiti chake kwa mhasibu kilikuwa kimeshawekewa makaratasi juu. Wiki kumi zilipoisha alikuwa amejua shida za nusu ya kijiji, lakini hakuwa amewahi kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki hata mara moja. Na hiyo ndiyo kazi ya kwanza atakayoulizwa siku akiitwa kwenye intavyuu.

Wengine watasema tunalalamika juu ya baraka. Kijana wa hapa anaweza kuwa na Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza, Kifuliiru cha nyumbani na Runyankore ya sokoni. Hatuoni aibu na lugha zetu. Hakuna aliyetupeleka shule ya lugha, nyingine zimetufundishwa na vita na kuhama. Lakini angalieni kinachotokea ofisini. Stajiere anayetoka Kampala, au yule anayekuja kutoka Ulaya na begi lake la mgongoni, haitwi kutafsiri. Hajui lugha. Anabaki mezani, anafungua kompyuta, anafundishwa bajeti inavyoandikwa. Yaani kutojua lugha zetu kunamlinda. Sisi tunaozijua ndio tunaotolewa mezani. Miaka miwili baadaye nafasi inatangazwa, inadai uzoefu wa kuandaa ripoti za fedha, yeye anao, sisi tunao wa kusema "mama anasema kadi yake imepotea."

Kuna watu wawili wengine wanaumia hapa, na mara nyingi hawahesabiwi.

Wa kwanza ni mkalimani mwenyewe. Kambini kuna baba na mama ambao ukalimani ndiyo kazi yao, wanalipwa posho kwa siku wanazoitwa. Posho yenyewe ndogo, ila inanunua unga. Stajiere akitafsiri bure Jumatatu mpaka Ijumaa, yule mama mkalimani wa Kashojwa anakaa nyumbani. Hakuna anayemwambia kwa nini simu haipigwi tena. Anakuja kugundua kwamba aliyechukua siku zake ni mtoto wa jirani, msomi, anayefanya kazi bila kulipwa. Huo ugomvi haukuanzishwa na sisi lakini tunaishi nao sisi, kwenye bomba moja la maji.

Wa pili ni mtu anayehojiwa. Hapa tunaomba msome polepole. Kuna mahojiano ambayo mama anaeleza alichofanyiwa njiani, au msichana anaeleza kinachoendelea ndani ya nyumba yao. Mkalimani wa kazi hiyo anatakiwa afundishwe: akae wapi, asiongeze, asipunguze, asishangae, na akitoka hapo afunge mdomo maisha yake yote. Kijana wa miaka 22 anayesoma teknolojia ya kompyuta hajafundishwa. Anaitwa tu kwa sababu yuko karibu na mlango. Anaingia, anamkuta mama anayesali naye kanisa moja. Yule mama atasema yote? Hatasema. Atasema nusu, faili lake litaandikwa nusu, na uamuzi utafanywa kwa nusu hiyo. Na kijana naye anarudi nyumbani na mzigo ambao hana mtu wa kumwambia, maana ameambiwa ni siri.

Hapa ndipo tunaposhindwa kuwaelewa wakubwa zetu. Tukiuliza kwa nini stajiere mkimbizi hapewi kazi ya kompyuta, tunajibiwa: siri za wakimbizi. Mkimbizi asione orodha za wakimbizi wenzake, ataona majina ya jirani, kutakuwa na mgongano wa maslahi. Sawa. Hoja hiyo tunaiheshimu, hata sisi hatutaki jirani asome faili zetu. Lakini inakuwaje asubuhi hatuaminiki kuona jina kwenye orodha, halafu saa nne tunaaminika kusikia siri ileile kutoka mdomoni mwa mwenye nayo? Chagueni moja. Kama siri ni siri, basi stajiere asitafsiri mahojiano. Kama tunaaminika kutafsiri, basi na kompyuta tufunguliwe.

Na kusema kweli kazi zisizo na siri ya mtu yeyote ni nyingi. Mhasibu anaweza kumpa stajiere stoo: ahesabu ndoo, sabuni na blanketi, alinganishe na kadi za stoo, aandike tofauti na atafute imetoka wapi. Anaweza kumpa risiti za mafuta ya gari za mwezi uliopita. Anaweza kumkalisha chini amwonyeshe ombi la bei tatu linavyoandikwa kabla ya kununua meza. Anayesoma kompyuta apewe mashine tano zilizolala kwenye kona, kila ofisi inazo. Anayesoma kilimo asipewe karatasi ya mahudhurio ya mkutano, apewe shamba la mfano na msimu wake. Hakuna jina la mkimbizi hata moja humo. Anayesoma ustawi wa jamii ndiye mwenye shida zaidi, maana kazi yake yenyewe ni watu. Huyo afanye na msimamizi pembeni, na ajifunze kuandika mpango wa kumsaidia mtu tangu mwanzo mpaka mwisho, asiwe mdomo wa kupitishia maneno tu.

Tuseme pia haki yao. Walio kwenye uuguzi na ualimu hawana malalamiko haya sana. Shule za uuguzi zenyewe zinapanga wanafunzi wao hospitalini na kuwafuata, na mwanafunzi wa ualimu anaingia darasani, anafundisha, mkuu wa shule anamwona. Kazi inajulikana kabla hajafika. Hicho ndicho tunachoomba na sisi: kazi ijulikane kabla hatujafika.

Sasa kuna swali la sheria, maana bado kuna vijana wanaamini kwamba mkimbizi haruhusiwi. Hapa Uganda unaruhusiwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta na kufanya kazi ya kipato, na inaturuhusu kutembea ndani ya nchi, na Kanuni za 2010 zimefuata njia hiyohiyo. Ofisi ikikwambia "hatuchukui wakimbizi," hiyo si sheria, hayo ni mazoea yao. Wenzetu wa nchi jirani wana mlima mwingine. Kule Nyarugusu, Tanzania, kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali, kwa hiyo staji ya Kigoma mjini au Dar es Salaam kwa wengi ni ndoto. Kenya ilipitisha sheria mpya mwaka 2021, lakini wa Kakuma bado anaomba karatasi ya kusafiri kabla ya kupanda basi. Tunapowaandikia tunasema bila kujisifu: mlango wa sheria kwetu uko wazi. Kinachotufunga ni vitu vidogo vidogo.

Nauli, kwa mfano. Tuseme unakaa Rubondo na ofisi iliyokupokea iko Base Camp. Tuseme boda kwenda na kurudi ni shilingi 10,000. Siku tano kwa wiki, wiki kumi, hiyo ni 500,000, na bado hujala mchana. Staji ya Mbarara ndiyo usiseme: chumba, godoro, maji, umeme. Mwaka 2025 PAM iliwaondoa watu milioni 1 kwenye orodha ya chakula hapa Uganda kwa kukosa fedha. Kwa familia iliyotolewa kwenye orodha, hesabu hii ya nauli haianzi hata. Tumeona mtu anauza simu ili amalize staji, halafu anakosa simu ya kuandikia ripoti.

Staji bila pesa haikuanza hivyo, na hilo wengi hawalijui. Mwalimu wa uhandisi Herman Schneider alipoanzisha mpango wake Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, mwaka 1906, wanafunzi walikuwa wanapishana, wiki moja darasani, wiki moja kiwandani, na kiwanda kiliwalipa. Kulipwa kulikuwa sehemu ya mpango tangu mwanzo. Baadaye ndipo dunia ikazoea kwamba anayejifunza afanye bure. Mwaka 2015 kijana wa New Zealand, David Hyde, aligonga magazeti kwa sababu alikuwa stajiere wa Umoja wa Mataifa kule Geneva na analala kwenye hema, hapati mshahara na mji ni ghali. Mwenyewe alisema baadaye kwamba sehemu alifanya kusudi ili watu waone. Sisi tuliposoma habari ile tulicheka kidogo, samahani. Hema! Dunia nzima ilishtuka kwa hema moja. Lakini alifanya kazi nzuri, maana mashirika kadhaa ya Umoja wa Mataifa yalibadilika, na WHO ilianza kuwapa stajiere wake posho mwaka 2020. Basi kama inawezekana Geneva, nauli ya boda na sahani ya maharage haviwezi kushindikana Base Camp.

Tunajua mtakachojibu: pesa hakuna, tumepunguza wafanyakazi. Tumeona. Majirani zetu wenyewe wamepoteza kazi, ofisi nyingine zimefungwa milango na mabango bado yamesimama nje. Ndiyo maana tunaogopa kitu kimoja zaidi. Pesa zikipungua, stajiere ndiye mfanyakazi wa bei rahisi kuliko wote. Kuna mahali meza za watu watatu walioondolewa zimekaliwa na stajiere mmoja, na hakuna hata anayemwelekeza, maana aliyetakiwa kumwelekeza ndiye aliyeondolewa. Hiyo si staji. Ofisi isiyo na mtu wa kumfundisha stajiere ingekataa barua kwa heshima tu, tungeelewa. Tungesema asante na kwenda kwingine.

Na kwingine kupo. Vijana, hapa tunaongea na ninyi. Tumejizoesha kufikiri kwamba kazi ni NGO na NGO ni kazi. Tangu utoto gari tuliloliona lina bendera ya shirika, mtu mwenye kitambulisho shingoni ndiye mkubwa. Lakini Wilaya ya Isingiro ina ofisi za serikali, wana wahasibu, wana maafisa kilimo, wana watu wa maji. Mbarara kuna SACCO, kuna viwanda vya maziwa, kuna maduka ya vifaa vya kompyuta. Hapa hapa kambini kuna vikundi vya kuweka akiba ambavyo vitabu vyao vinahitaji jicho la mtu aliyesoma. Kambi hii ina zaidi ya miaka 60, biashara zilizomo si za kuchekwa. Mwenzetu mmoja alifanya staji kwa mfanyabiashara wa nafaka. Alianza kwa kuhesabu magunia, akamaliza amemtengenezea kitabu cha madeni, mfanyabiashara akagundua nani hajalipa tangu mwaka juzi. Kwenye ripoti yake alikuwa na mambo ya kuandika mpaka mwalimu akamwambia apunguze.

Mtu atauliza: na kama barua ya utambulisho imeandikwa "kwa shirika"? Rudi chuoni uombe iandikwe "kwa yeyote anayehusika." Waulize pia juu ya bima ya mwanafunzi, ofisi nyingine zinaiomba. Na nenda na nakala ya kitambulisho chako cha mkimbizi pamoja na cha chuo, maana askari wa getini akishasema "huyu mkimbizi anataka msaada" utapelekwa kwenye benchi la wanaosubiri msaada. Limetupata hilo, na mtu ana shati jeupe na barua mkononi.

Jambo la dada zetu hatutaliruka, hata kama wengine wangependa tuliruke. Mtu mmoja ana kalamu, kashe na maksi zako. Ofisi iko mbali na nyumbani, jioni anasema atakupeleka na gari. Dada kadhaa wa kikundi hiki wameacha staji katikati bila kusema sababu chuoni, wakarudia mwaka uliofuata, na watu wakasema ni wavivu. Si wavivu. Tunaomba jambo rahisi tu: stajiere awe na wasimamizi wawili wanaoweza kusaini, mmoja awe mwanamke inapowezekana, na chuo kiwe na namba ya simu ya kuripoti ambayo haipiti kwa msimamizi huyohuyo. Mwalimu wa chuo naye, kama kweli Nakivale ni mbali kuja, akipiga simu aongee na mwanafunzi peke yake. Akipiga kwa msimamizi halafu simu ikawekwa spika mbele ya wote, unadhani dada atasema nini?

Turudi kwa mashirika, hasa yale yanayotulipia masomo. HCR na wenzake wanasema wanataka ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe wamefika elimu ya juu. Si zamani sana namba hiyo ilikuwa asilimia 1. Ripoti ya 2024 ilisema 7. Ni kazi kubwa, na ufadhili kama DAFI, unaosaidia wakimbizi tangu 1992, umewafikisha mbali kaka na dada tunaowajua kwa macho. Hatusemi asante kwa adabu tu, tunasema kweli. Wengine tulikaa miezi tukingoja UNEB ilinganishe diplome zetu za Kongo, tukijua bila hiyo chuo hakifunguki. Lakini mtoto wa watu analipiwa ada miaka mitatu, halafu wiki kumi ambazo angeshika kazi kwa mikono zinaishia mlangoni akitafsiri. Ada hiyo yote imeenda kununua nini?

Basi tunaomba karatasi moja. Moja tu, ukurasa mmoja. Kabla stajiere hajakaa, ofisi iandike kazi nne au tano atakazofanya, nani atamfundisha, na siku ngapi. Chuo kisaini, ofisi isaini, mwanafunzi abaki na nakala. Ukalimani ukiwemo, uandikwe, uwe na kikomo, usiwe wa mahojiano ya siri, na ulipwe kama anavyolipwa mkalimani mwingine. Nauli iandikwe hapohapo, hata kama jibu ni "hatuna," ili mtu ajue mapema aombe kwingine. Ofisi ambayo inashindwa kuandika kazi nne za stajiere, tunafikiri haimhitaji stajiere, inahitaji lugha zake.

Na sisi wenyewe tuache kuandika uongo kwenye daftari. Hapa tutawaudhi wengine. Tumesoma madaftari ya wenzetu wa miaka iliyopita. Kila siku: "Nilisaidia idara ya fedha." "Nilisaidia idara ya fedha." Siku hamsini! Alikuwa anatafsiri. Tunaelewa kwa nini: anaogopa maksi, anaogopa kumkosea msimamizi, anaona aibu. Lakini mwalimu wa chuo anayesoma "nilisaidia idara ya fedha" hana sababu ya kupiga simu, na mwaka unaofuata anapeleka mwanafunzi mwingine palepale. Andika: "Saa mbili mpaka saa saba, nilitafsiri Kinyarwanda na Kiingereza, watu sita. Saa nane mpaka saa kumi, nilipanga vocha." Andika hivyo kila siku. Usiandike majina ya watu, usiandike shida zao, andika saa tu. Msimamizi akikataa kusaini ukweli, mpigie mwalimu wiki hiyohiyo, si wiki ya kumi. Tumefanya hivi na wanafunzi watatu mwaka jana. Mmoja alirudishwa mezani siku iliyofuata, hakuna aliyegombana. Wa pili alihamishiwa ofisi nyingine. Wa tatu hakubadilishiwa chochote, lakini ripoti yake ilionyesha saa zote, na chuo chake kimeacha kupeleka watu pale.

Na kwa wale ambao wanatafsiri vizuri na wanaipenda: fanyeni iwe kazi yenu kweli. Someni ukalimani, dai malipo, dai mafunzo. Ni taaluma kamili na hapa itahitajika muda mrefu. Tunachokataa ni kuifanya kwa jina la uhasibu.

Juni haiko mbali. Jumamosi mbili zijazo kuanzia saa nane mchana tutakuwa nyuma ya soko la Base Camp, tunasoma barua za maombi kabla hazijapelekwa, na tumeandaa mfano wa ile karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza na Kifaransa. Walio Juru na Rubondo, kusanyikeni mtume mtu mmoja na barua za wote, msichome nauli. Njoo na barua yenyewe mkononi, si picha ya barua kwenye simu, mwandiko hausomeki. Na kama wewe ni mfanyakazi wa shirika na ofisi yako ina mtu wa kufundisha, njoo na wewe utuambie mnapokea wangapi na wanaosoma nini. Viti vipo vichache, lakini mgeni atapewa.